Samaki Hukunjwa, Hapigwi: Malezi na Utulivu wa Nafsi katika Nchi ya Chai

Methali isemayo "Samaki mkunje angali mbichi" husikika sana kule Kericho na Bomet kila wazazi wanapozungumzia watoto, na aghalabu anayeitaja huwa tayari ameshika mwiko au ufito. Ajabu ni kwamba methali yenyewe haina fimbo ndani yake. Kitenzi kilichotumika ni kunja. Amkunjaye samaki mbichi humshika kwa viganja viwili, taratibu, kwa kuwa nyama yake ni laini. Akimpiga atamponda tu. Vivyo hivyo, "Mchelea mwana kulia hulia yeye" humwonya mzazi asikiogope kilio cha mtoto anapomkatalia jambo. Haimwagizi amlize. Methali hizi mbili zimebebeshwa kiboko ambacho hazikuzaliwa nacho, na wanaopaswa kuzitua mzigo huo ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, maadamu wao ndio wanaozifundisha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mzazi wa nchi ya chai hupiga kwa kuwa hakuielewa methali. Mara nyingi hupiga kwa sababu amechoka. Mchumaji wa shamba kubwa hulipwa kwa kilo. Hutoka kambini alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vichaka, akachuma majani mawili na chipukizi lake, tena na tena, kikapu kikiwa mgongoni. Alasiri, kama ilivyo desturi ya anga la Kericho, mvua hunyesha; wakati mwingine ni mvua ya mawe, ambayo huyararua majani na kuzipunguza kilo za siku nyingi zijazo. Mwisho wa yote ni mizani. Karani akiisoma namba ndogo, mama huibeba namba hiyo hadi nyumbani. Mtoto anayemwaga maziwa jioni hiyo hachapwi kwa ajili ya maziwa. Anachapwa kwa ajili ya kilo.

Mkulima mdogo naye ana mizani yake. Tangu KTDA ianzishwe mwaka 1964, maisha ya familia nyingi za Bomet na Kericho yamefungamanishwa na malipo ya kila mwezi na bonasi ya mara moja kwa mwaka, ambayo huja karibu na Oktoba. Karo, deni la dukani na bati la nyumba vyote huingoja bonasi hiyo, na bonasi za magharibi ya Bonde la Ufa zimezoea kuwa ndogo kuliko za mashariki. Fauka ya hayo kuna mashine za kuchumia chai, zinazofanya kazi ya mikono mingi; Mei 2023 hasira dhidi yake ilifikia hatua ya kuteketezwa moto huko Kericho. Miezi michache kabla yake, Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulikuwa umefichua jinsi wanawake walivyoshurutishwa kingono na wasimamizi ili wapate kazi katika mashamba ya eneo hilo. Mwanamke aliyetoka katika hali hiyo anatarajiwa afike nyumbani akiwa mpole! Tena watoto waliokuwa na miaka saba au minane mwanzoni mwa 2008, wakaona vita vya baada ya uchaguzi vikiwafukuza kambini wachumaji wa makabila mengine, leo wengi wao ni wazazi. Waliyoyaona hayakuzungumzwa, yaliachwa yakue pamoja nao.

Sheria imekwisha kusema neno lake. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kadiri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 ikachukua mahali pa ile ya 2001. Lakini sheria haiingii jikoni saa moja usiku.

Linaloingia jikoni ni lugha, na hapo ndipo penye kasoro inayowahusu wasomaji wa jarida hili. Mzazi husema "nitakutia adabu" akiwa na maana ya "nitakupa adhabu". Maneno hayo mawili yote yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti: la kwanza ni mwenendo mwema, la pili asili yake ni mateso. Sikio la Kiswahili limeyakaribisha chumba kimoja, yakaishia kuvaliana nguo. Kwa upande wa maradhi ya nafsi upungufu ni mkubwa zaidi. Kamusi ina kitenzi sonona, na Watanzania wamekwisha kukifanya jina la ugonjwa. Mchumaji wa Kericho hakijui. Yeye husema "niko na mawazo", au "roho imechoka". Daktari asiyejua kwamba mawazo hapa si fikra bali ni mzigo, atamwambia mgonjwa apumzike na kumruhusu aende.

Wapo wanaodai kwamba malezi ya upole ni mambo ya Wazungu. Dai hili halina mizizi. Mjeledi wa kiboko, uliopewa jina la mnyama ambaye ngozi yake ndiyo iliyoutengeneza, uliwachapa wapagazi na vibarua wengi katika enzi ya ukoloni. Kama kuna kilicholetwa kwa nguvu, hicho kimo. Wakipsigis, kwa upande wao, walimtajia mtoto mchanga majina ya wazee waliofariki, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya, na chafya hiyo ikawa jibu la mzee husika. Haisemwi hapa kwamba wazee hawakupiga, walipiga. Inasemwa tu kwamba jamii inayompokea mtoto kama babu yake aliyerejea haikuhitaji mgeni wa kuifunza kumstahi. Pwani nako, Mwana Kupona binti Msham alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, alimwachia bintiye utenzi. Maoni yake kuhusu mke na mume yamepingwa na wahakiki wengi, na kwa haki, lakini njia aliyoichagua ilikuwa kumketisha mtoto karibu na kusema naye.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, mhudumu huingia nyumbani akiwa na kifaa cha kupimia shinikizo la damu. Kifaa cha kupimia mawazo hana. Ana swali tu. Akiuliza, "Je, una ugonjwa wa akili?" mlango utafungwa. Akiuliza, "Mama, usingizi unakuja?" au "Watoto wakilia jioni, mwili wako unahisi vipi?" ataketishwa na kumiminiwa chai. Maswali ya namna hiyo yanahitaji kukusanywa, yakajaribiwa masikioni mwa watu wa Litein, Sotik na Ainamoi, kambini na vituoni chai inakopimwa. Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Kabianga wamezungukwa na michai. Wanaweza kuanza likizo ijayo, kwa daftari na kalamu.