Majina Yaliyomo Kwenye Simu Yangu Ni Amana

Mwaka jana bumu lilichelewa, nikakopa shilingi 50,000 kwenye programu ya mikopo ya mtandaoni. Sikuipata kwenye duka la programu. Kiungo chake kilirushwa kwenye kundi letu la darasa. Nikaipakua, ikaniuliza kama naruhusu isome orodha ya majina kwenye simu. Nikabonyeza "Ruhusu" kama ninavyobonyeza siku zote. Njaa haisomi masharti.

Mkopo ulikuwa wa siku saba. Siku ya tisa, saa moja asubuhi, mama akapiga simu kutoka nyumbani. Hakungoja shikamoo yangu. "We mwanangu, umeiba hela ya nani?" Alikuwa amepokea meseji yenye jina langu kamili, ikisema mimi ni tapeli na yeye ndiye mdhamini wangu. Kabla ya saa nne meseji hiyo hiyo ilikuwa imemfikia mama lishe anayenikopesha wali, mwalimu wangu wa sekondari, fundi cherehani wa mtaani kwetu, na mhadhiri anayesimamia utafiti wangu. Mhadhiri hakusema kitu, ila siku hiyo nilishindwa kumtazama usoni.

Deni alilipa mama, kwa hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kikoba. Yule mama lishe akaniambia, "Mimi deni lako halinihusu, baba. Lakini namba yangu uliwapa wewe."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike makala hii. Tukizungumza faragha hapa chuoni, jibu la haraka ni, "Kwani mimi nina nini cha kuficha?" Nilisema hivyo na mimi. Sasa naona tunajibu swali ambalo siyo lenyewe. Simu yangu ilikuwa na namba zaidi ya mia nne, na yangu ilikuwa moja tu. Zilizobaki ni za watu walionipa wakiamini nitawapigia mimi. Hiyo ni amana, na mwenye kupewa amana hana haki ya kuigawa hata kama yeye binafsi hana siri yoyote.

Baada ya aibu ile niliuza simu yangu, nikaongeza hela niliyobana wakati wa mafunzo kwa vitendo, nikanunua Pixel 6a iliyotumika. Niliichagua kwa sababu nilitaka kuiwekea mfumo mwingine wa kuendeshea simu, unaoitwa GrapheneOS. Mfumo huu umejengwa juu ya Android ile iliyo wazi kwa kila mtu kuisoma na kuibadilisha, ila huja bila programu za Google. Ni wa bure, na unaendeshwa na shirika lisilo la faida la Kanada linalotegemea michango. Cha kuchekesha ni kwamba hadi sasa umetengenezewa simu za Pixel, yaani simu za Google wenyewe.

Kuuweka si uchawi. Unahitaji kompyuta, waya mzuri wa USB na bando la kutosha. Unaingia kwenye mipangilio ya simu na kuruhusu kufuli la mfumo lifunguliwe, kisha unafuata maelekezo hatua kwa hatua kwenye kivinjari cha kompyuta. Kila kitu kilichomo kwenye simu kinafutika, kwa hiyo hifadhi picha na kazi zako kwanza. Mwishoni unalifunga tena lile kufuli, na hatua hii usiiruke. Tahadhari moja kwa anayenunua simu ya mtumba: baadhi ya Pixel zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani haziruhusu kufuli hilo kufunguliwa kabisa. Kagua mipangilio hiyo palepale dukani kabla hujatoa hela. Mimi ya kwanza niliyoshikishwa Kariakoo ilikuwa ya namna hiyo, nikairudisha mezani.

Nilichokifuata hasa ni kitu kimoja. Kwenye Android ya kawaida, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, unaweza kuinyima programu ruhusa ya kusoma majina. Tatizo ni kwamba programu nazo hununa: usiporuhusu, hazifunguki. Kwenye GrapheneOS programu inaweza kuamini imeruhusiwa, kumbe inaona orodha tupu, au yale majina mawili matatu uliyoyachagua wewe. Mafaili na picha ni vilevile. Hata intaneti unaweza kuinyima programu moja moja; tochi ya simu ina haja gani ya intaneti?

Sasa niseme na gharama zake, maana kuna wenzetu wanaohubiri mambo haya kama vile hayana maumivu. Programu ya benki yangu ilikataa kufunguka, kwa kuwa inadai simu iwe na mfumo uliothibitishwa na Google. Nimerudi kupanga foleni kwenye mashine ya kutolea fedha. M-Pesa haijanisumbua, napiga *150*00# kama zamani. WhatsApp inafanya kazi, lakini imebaki kuwa WhatsApp: ya Meta, na imejaa makundi yaleyale. Huduma za Google Play niliziweka baadaye kwa sababu ya programu chache za masomo. Humu zinakaa kama programu ya kawaida, bila mamlaka ya pekee juu ya simu. Wala mfumo huu haukufichi kwa kampuni ya simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mnara unajua uko wapi.

Kuna rafiki yangu aliniambia, "Bwana, umejitesa bure, sheria si zipo?" Zipo, ni kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Mei hiyohiyo Google nayo ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za watumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Naziheshimu hatua hizo. Lakini programu yangu ilikuja kwa kiungo cha kundini, nje ya duka, na meseji zilimfikia mama kabla sijajua pa kulalamikia. Sheria huja baada ya mlango kuvunjwa. Mimi nilitaka na komeo.

Najua wengi wetu tuna Tecno, Infinix na itel, na GrapheneOS haiwekwi humo. Sisemi kila mwanafunzi akanunue Pixel. Huo ungekuwa ushauri wa mtu aliyeshiba. Nasema tuna kazi tunayoweza kuianza na simu tulizonazo, na serikali yetu ya wanafunzi iisimamie.

Kwanza, ipange Jumamosi moja kila muhula ya kukaguana simu: kufungua sehemu ya ruhusa, kuona ni programu ipi inasoma majina, na kuzing'oa zisizohitajika. Wenye ujuzi wa kompyuta tunao tele. Pili, tuache mtindo wa viongozi wa madarasa kurusha kundini faili lenye majina kamili, namba za usajili na namba za simu za darasa zima. Faili lile hufika mbali kuliko tunavyodhani, na hakuna aliyeulizwa kama anaridhia. Tatu, bumu likichelewa, viongozi wawe na mfuko mdogo wa dharura. Mwenye njaa atabonyeza "Ruhusu" tu, hata umpe simu ya aina gani, na kausha damu wanalijua hilo kuliko sisi.

Mama amenisamehe, ingawa hadi leo namba ngeni ikimpigia hapokei. Mama lishe bado ananikopesha wali. Safari hii, kabla ya kuiweka namba yake kwenye simu mpya, nilimwomba kwanza. Alicheka, akauliza ni lini mtu aliwahi kuomba kitu kama hicho. Kisha akanitajia namba, taratibu, tarakimu moja moja.