Msiziite folda majina ya miji

Kuna pendekezo mezani kati yetu waandishi wa programu wa Kitale na wenzetu wa Bungoma: ghala letu la pamoja la msimbo ligawanywe juu kabisa kuwa folda mbili, kitale/ na bungoma/, kila upande ukae kwake. Eti ndiyo njia ya amani. Mimi napinga, na napinga kwa sauti.

Programu yenyewe mnaijua. Inapokea mahindi ya mkulima, inarekodi uzito na unyevu, inakata, inatoa stakabadhi. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, kilo zinapunguzwa. Hesabu ni hiyo hiyo. Punje haijui kama ilivunwa Kiminini au Kimilili! Lakini chama kimoja cha ushirika nilichowahi kukifanyia kazi (jina nalihifadhi) kilikuwa na folda kwa kila kituo, na hesabu ya unyevu ilinakiliwa ndani ya kila moja. Kosa la desimali likasahihishwa kwenye folda moja. Ya pili haikuguswa, maana aliyesahihisha aliiona si yake. Msimu mzima wakulima wa kituo kile wakakatwa zaidi ya haki yao, na karani wa mizani ndiye aliyeitwa mwizi. Karani! Hajawahi hata kuuona msimbo.

Wengine wanasema basi tutumie mikoa na wilaya, mambo rasmi. Ndugu zangu, rasmi ya mwaka gani? Zamani Trans Nzoia ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa na Bungoma Mkoa wa Magharibi. Wilaya ya Mlima Elgon ilimegwa kutoka Bungoma, kisha kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 eneo lile likawa ndani ya kaunti ya Bungoma. Ungekuwa umehamisha folda mara ngapi?

Basi tutumie nambari? Haya. Katika Katiba ya 2010, Trans Nzoia ni kaunti ya 26 na Bungoma ya 39. Fungua orodha ya ISO 3166-2, ambayo inafuata alfabeti: 26 ni Meru, 39 ni Taita Taveta. Mgeni akikuta folda 26/ atapeleka mahindi yetu Meru.

Halafu kuna tahajia. Trans Nzoia yenye nafasi katikati itavunja skripti ya kwanza ambayo mwandishi wake alisahau alama za kunukuu. Bungoma/ na bungoma/ ni folda moja kwenye Windows, ni mbili kwenye Linux, na sisi tuna mashine za aina zote mbili.

Tazameni OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret, hapo jirani tu, Februari 2006, chini ya AMPATH. Haikupewa jina la Eldoret, na leo inatumika nchi nyingi. Moduli zake huitwa kwa kazi zake: openmrs-module-reporting ni ya ripoti, basi. Ipo openmrs-module-kenyaemr, nakubali, lakini hiyo imebeba mambo ambayo kweli ni ya Kenya.

Kwa hiyo nataka mapokezi/, unyevu/, stakabadhi/, ripoti/. Herufi ndogo, bila nafasi. (Na kwa Kiswahili, tafadhali. Anayedai Kiswahili si lugha ya folda aniambie kompyuta yake ililalamika lini.) Majina ya vituo yawekwe kwenye faili moja la mipangilio, ambako kituo kipya ni mstari mmoja zaidi.

Anayetaka bungoma/ ibaki alete faili moja tu ambalo haliwezi kutumika Kitale. Jana usiku nilipekua yote. Nililopata ni nembo ya juu ya stakabadhi, na hiyo ni picha.