Salfa Isiyooshwa: Makaa ya Kiwira Yaingie Jikoni?

Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kuachana na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Tangu hapo makaa ya mawe ya Kiwira yamepata mteja ambaye zamani hakuna aliyemfikiria sana: jiko la shule, la gereza, la kambi. Mgodi wake, ulio wilayani Ileje, ulianza kazi mwaka 1988 kwa msaada wa China na sasa uko mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ambalo pia hutengeneza mkaa mbadala wa Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe. Mkazi wa Tunduma anayeona gunia la mkaa wa miti likipanda bei kila masika ana haki ya kuuliza kwa nini asipikie mali iliyo wilaya ya jirani.

Swali ni zuri. Majibu yanayotolewa ndiyo mepesi mno.

Wanaoyatetea makaa haya husema yana salfa kidogo, na kwa makaa ya miamba ya Karoo, kama haya, dai hilo kwa kawaida ni kweli. Misitu iliyoyazaa ilimea katika kipindi cha Permia, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita, wakati Afrika, India, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja la Gondwana. Miti ya jamii ya Glossopteris iliangukia vinamasi vya maji baridi, mbali na bahari. Umbali huo ndio uliookoa mambo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takribani gramu 2.7 za salfeti; maji ya mto huwa na kiasi kidogo sana. Pasipo salfeti, bakteria wa matopeni hukosa cha kugeuza kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, na makaa hubaki na salfa ileile iliyokuwa ndani ya mimea.

Bahari ikifunika kinamasi, hadithi hubadilika. Gesi hiyo ikikuta chuma, huzaa piraiti, madini yanayong'aa kama dhahabu na kuwahadaa wachimbaji wageni. Isipokuta chuma, kama inavyotokea juu ya miamba ya chokaa, hujifunga kwenye mabaki ya mimea yenyewe. Hivyo ndivyo yalivyopatikana makaa ya Raša, katika rasi ya Istria nchini Croatia, ambayo salfa yake hufikia asilimia 11 hivi, karibu yote ikiwa ya kikaboni. Kiwira si Raša, wala hakuna sababu ya kumtisha mtu kwa mfano huo.

Ila Raša inafundisha jambo moja linalogusa Ileje moja kwa moja. Piraiti ni nzito, kwa hiyo mtambo wa kuosha makaa unaweza kuizamisha na kuitenga. Salfa ya kikaboni imeungana na kaboni ndani ya molekuli, kuosha hakuiondoi. Na katika makaa yenye salfa chini ya asilimia moja, sehemu kubwa ya hicho kidogo kwa kawaida ndiyo hii isiyoosheka. Anayeahidi kwamba makaa "yatasafishwa kwanza" anazungumzia majivu zaidi kuliko salfa.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kilo 100 za makaa yenye salfa ya asilimia moja zina kilo moja ya salfa. Ikiungua yote, hutoa kilo mbili za salfa dayoksaidi, gesi inayokereketa koo na kubana kifua cha mwenye pumu. Ndani ya tanuri la saruji, chokaa hunasa sehemu kubwa ya gesi hiyo kabla haijafika kwenye bomba la moshi. Katika jiko lisilo na dohani, anayeinasa ni mpishi.

Tena salfa si mzigo pekee. Huko Xuanwei, kusini-magharibi mwa China, wanawake wasiovuta sigara waliopikia makaa yenye salfa kidogo ndani ya nyumba walikumbwa na saratani ya mapafu kwa viwango vya juu mno duniani. Familia zilizoweka majiko yenye dohani zilipata nafuu kubwa. Kwa hiyo "salfa kidogo" haitoshi kuwa cheti cha jikoni.

Kukataa makaa kabisa nako kungekuwa uvivu, maana kuni zinazookolewa ni misitu halisi. Linalodaiwa ni masharti. Kila tabaka linalochimbwa lipimwe, na matokeo yataje salfa ya piraiti na ya kikaboni kila moja kwa nafasi yake, badala ya jumla tu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ipo. Shirika la Viwango, TBS, lipo. Makaa ya kupikia yachanganywe na chokaa, mbinu iliyokwisha kutumika China na Japani, ili salfa nyingi iishie kwenye majivu. Chokaa chenyewe hakihitaji kuvuka mpaka wa Nakonde: huchomwa Songwe, upande wa Mbeya. Na shule isiyo na dohani isiletewe hata gunia moja, hata kama muda wa agizo umeshapita.