Dola ikipanda tunalia, ikishuka tunalia!

Vijana wa vijiwe vya Bariadi, tuulizane leo. Hii pesa tunayoiita ya madafu, nani aliyeifanya madafu?

Benki Kuu ilipotoa shilingi yetu mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa. Mwaka 1979 Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa benki hiyo na wakati huo Waziri wa Fedha, alitaka tuelewane na IMF. Mwalimu akakataa, Mtei akabwaga manyanga. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Ruksa ikakubali, na shilingi ikazidi kuporomoka. Kufika 1995, mwaka ambao John Cheyo, "Bwana Mapesa", aligombea urais, dola ilishapita shilingi 500. Oktoba 2024 ikapita 2,700.

Wasomi wanatuambia tusihofu. Eti shilingi ikishuka, anayeuza nje ananufaika. Haya, sisi Simiyu tunauza nini nje kama si pamba? Basi tupige hesabu ya darasa la nne.

Chukulia pamba ya dola 100. Dola ikiwa 2,400, mnunuzi anapata shilingi 240,000. Ikiwa 2,700, anapata 270,000. Kuna 30,000 imezaliwa hapo bila mtu kushika jembe. Je, imemfikia mzee wako kule Dutwa? Yeye bei yake hutangazwa kwa shilingi msimu unapofunguliwa Mei. Lakini dawa ya kuua wadudu, bomba la kupulizia na dizeli ya trekta vinatoka nje, navyo vinamfuata na bei ya dola.

Ikatokea shilingi ikapata nguvu, kama Desemba 2024 dola iliposhuka hadi karibu 2,400, mnunuzi ana sababu ya kubana bei. Kwa hiyo dola ikipanda mkulima analia, ikishuka analia. Huo ni uchumi gani?

Tusidanganyane, bei ya pamba duniani nayo hupanda na kushuka, na serikali yetu haiipangi. Hilo tunalikubali. Tunachokataa ni kuachwa gizani.

Mbona petroli inawezekana? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, thamani ya dola ikiwa ndani ya hesabu, na siku hiyo hiyo dereva wa bodaboda Bariadi anajua atalipa kiasi gani. Cha kulipa tunaambiwa haraka. Cha kulipwa je?

Tunadai jambo moja tu, halihitaji mkopo wala mfadhili. Kila wiki ya msimu, kwenye ghala la kila AMCOS, ibandikwe karatasi: bei ya pamba katika soko la dunia, dola ni shilingi ngapi, gharama za kuchambua na kusafirisha, na kinachobaki kwa mkulima. Kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa.

Na wewe kijana uliyekimbilia mjini, usiseme pamba ni ya wazee. Ada uliyosomea ilitoka wapi? Mtaji wa genge lako je? Mkulima akikosa, dukani kwako nani atanunua?

Msimu ukifunguliwa, nenda ghalani na kalamu. Uliza hesabu. Asiye na cha kuficha ataionyesha.