Mzazi Aambiwe Kila Ijumaa

Mwenye kuanika omena katika ufuo wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, haondoi macho yake mbinguni. Amewanunua samaki hao alfajiri kwa wavuvi waliokesha ziwani na taa zao, akawatandaza juu ya nyavu kuukuu, na tangu hapo huwageuza na kuwatazama mpaka wakauke. Mvua ikiwakuta wangali wabichi, mali iliyokuwa chakula cha watu huwa chakula cha kuku. Mwambie mama huyo kwamba ataletewa habari za omena wake baada ya miezi mitatu, naye atadhani umerukwa na akili.

Lakini hivyo ndivyo tumwambiavyo juu ya mtoto wake. Mtoto huingia darasani mwanzo wa muhula, na habari za masomo yake humfikia mama muhula ukiisha, katika karatasi ya alama ambayo pengine imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Kati ya siku hizo shule haikunyamaza: ilimwita kwa ajili ya fedha, tena ilimwita kwa ajili ya utundu. Haikumwita asilani kumwambia kwamba wiki hii mwanawe alifundishwa kutoa kwa kukopa, wala hakuelewa.

Sheria haikumsahau mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaweza kumtoza faini, hata kumfunga, asiyempeleka mtoto shuleni. Ni vema. Je, akisha kumpeleka, kazi yake imekwisha mlangoni? Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, ulitangaza kwamba mzazi ni mshirika. Ushirika ulioonekana katika nyumba nyingi ulikuwa wa kununua vifaa na kulipia kuchapa picha. Wazazi walinung'unika, nami nasema walikuwa na haki, maana mtu aombwaye vifaa asiambiwe somo ametumiwa kama duka.

Husemwa kwamba wazazi wa ufuoni hawajasoma, kwa hiyo hawajali. Nalikataa neno hili. Tangu mwaka 2009 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini Kenya wakiwapima watoto, wakakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mama aliyeuza samaki Kibuye mchana kutwa apate kununua sare hakukosa kujali. Alikosa kuambiwa.

Husemwa tena kwamba mwalimu ana watoto sabini, hawezi kuandika barua sabini. Hapana haja. Ijumaa, kipindi cha mwisho, na aandike ubaoni sentensi tatu: tulilojifunza, lililotushinda, na tutakalojifunza wiki ijayo. Watoto wanakili katika daftari, na jioni wasome nyumbani kwa sauti. Kwa Kijaluo katika madarasa ya chini ya vijijini, kwa Kiswahili mjini ambako lugha zimechanganyika. Gharama yake ni chaki. Mama asiyejua kusoma anajua kusikiliza, na mtoto ashindwaye kusoma maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe amekwisha kumpasha mama yake habari kubwa kuliko zote, jioni ile ile, wala si katika darasa la sita. Utasema mtoto atabuni maneno. Na aitwe mwenziwe wa nyumba ya pili asome yake. Barua zikitofautiana, mmoja wao hakusoma.

Yuko mmoja atakayechukia jambo hili. Si mwalimu mwema, na walimu wema ni wengi. Wewe usomaye, uliyetoka shule ya msingi juzi tu, labda wamjua: siku tatu za wiki kiti chake kilikuwa kitupu. Ijumaa atasimama mbele ya ubao na chaki mkononi, watoto sabini wakingoja kunakili, naye hana sentensi hata moja ya kuandika. Hofu yake naielewa. Siikubali kuwa sababu ya kumnyima mama habari.