Mshipa Ukipasuka Kichwani, Bado Kuna Ubongo wa Kuokoa

Wasee, kuna imani moja mtaani inaniudhi sana: ati mtu akipasuka mshipa kichwani, imebaki kungoja Mungu tu. Mimi napinga.

Kiharusi kiko aina mbili. Kuna kile damu inaganda na kuziba mshipa, na kuna kile mshipa unapasuka damu ikamwagika ndani ya ubongo. Hiki cha pili kinaua sana, na chanzo chake kikubwa ni presha. Lakini uharibifu haufanyiki wote dakika ile mshipa unapasuka. Saa za kwanza damu inaweza kuendelea kuvuja, donge likakua. Siku zinazofuata ubongo unavimba, na chuma kinachotoka kwa damu ile kinaumiza seli zilizobaki hai. Kumaanisha, mgonjwa akifika hospitali bado kuna kitu cha kulinda.

Dawa maalum ya kulinda seli hizo bado inatafutwa. Sasa tukae tu? Zii. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa INTERACT3: wagonjwa zaidi ya 7,000, nchi 10, nyingi zao si tajiri, Nigeria ikiwemo. Namba ya juu ya presha ilishushwa chini ya 140 haraka, lengo likiwa ndani ya saa moja. Sukari ikadhibitiwa, homa ikashushwa, na aliyekuwa akimeza warfarin akapewa dawa ya kuikata nguvu. Baada ya miezi 6, waliotunzwa hivyo walikuwa na hali nzuri kuliko wengine.

Angalia hiyo orodha tena. Mashine ya presha, kipima joto, kipima sukari. Hivyo vitu viko hata hospitali ya kaunti! Shida yetu ni kwamba hakuna anayehesabu dakika. Mjomba wangu alikaa kwa benchi saa nne tukichangisha pesa ya kupiga picha ya kichwa, na presha yake ilipimwa mara moja pekee, pale mlangoni.

Mtaniambia manesi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana nataka karatasi moja ukutani: pima nini, saa ngapi, ikizidi fanya nini. Mtu aliyechoka anahitaji utaratibu ulio wazi kuliko mtu mwingine yeyote. Na picha ya kichwa ipigwe kwanza, pesa ifuatwe baadaye.

Nasi nyumbani tuna kazi yetu. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, au kichwa kiume ghafla vibaya sana, andika saa na mtoke mbio. Usimpe aspirini, kama ni damu inavuja utaizidisha. Usimpe dawa ya presha ya jirani pia: utafiti wa China wa 2024 ulionyesha kushusha presha ndani ya ambulensi kuliwasaidia waliovuja damu, lakini kukawaumiza walioziba mshipa. Bila picha, huwezi kujua ni ipi. Hata maji usimpe, anaweza kupaliwa.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kuwatisha nayo. Lakini kodi tunalipa, na mashine ya presha tunaijua. Uliza kaunti yako: mgonjwa wa kiharusi akifika, saa yake ya kwanza inaendaje? Wakikosa jibu, usiwaache walale.