Msanii Mhamiaji si Mpita Njia

Wapo watumishi wenzetu washikiliao kwamba kamati ya kusimamia sanaa mkoani ni mahali pa wenyeji peke yao. Mchoraji au mwanamuziki aliyehamia kutoka nchi jirani, wasema, achukue kibali, alipe ada, atumbuize, kisha akae kando. Rai hiyo hatuna budi kuipinga, hasa sisi wa Kilimanjaro.

Tutazame historia yetu wenyewe. Ndugu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alifundisha uchoraji Makerere, nchini Uganda, kabla ya kuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Ndugu Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisoma hapo hapo Makerere, kisha akahamia Kenya. Mwaka 1959 alichora katika kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Kristo mwenye sura ya Kiafrika. Kituo cha utamaduni cha Chemchemi kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1963, kiongozi wake alikuwa Ezekiel Mphahlele, mwandishi aliyeikimbia Afrika Kusini ya makaburu. Sanaa za uchoraji zikakabidhiwa Njau. Mwaka 1965 Njau na wenzake wakaanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa. Wageni wawili walishika usukani wa sanaa katika mji mkuu wa watu, na mji huo ukaneemeka.

Leo twajivunia jina la Njau. Je, kwa haki gani tumnyime kiti Mkenya aliyevuka Holili akaweka makazi Moshi? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu!

Watu wa Holili wanajua gharama ya mlango uliofungwa. Mpaka ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa mwaka 1983. Jumuiya ikafufuliwa, na tangu mwaka 2010 itifaki ya Soko la Pamoja inatambua uhuru wa kupitisha bidhaa na nguvukazi. Yawezekanaje gunia la mahindi likaribishwe, na fikra ya msanii ibaki nje ya kizuizi?

Watasema kwamba mgeni hajui mila zetu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978. Aliimba kwa Kiswahili shida za mlalahoi. Nani alithubutu kudai kwamba hakuyajua maisha yetu? Na wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, si kazi zao tunazowapa wageni wa heshima kuwa zawadi za taifa?

Hatusemi kamati ijazwe wahamiaji, wala kwamba kila mgeni anastahili. Twasema kanuni zinazomhusu zisitungwe na watu ambao hawajapata kusimama forodhani na picha zao mkononi. Aliyesimama huko ndiye ajuaye ni kanuni ipi inalinda sanaa na ipi inaiua.

Ndugu Ofisa Utamaduni, utakapoandaa orodha ya majina. Nawe Mwalimu, utakapoombwa kupendekeza jina, ulizeni: huyu amefanya kazi gani, amefundisha vijana wangapi, ameishi nasi kwa uadilifu gani? Hicho ndicho kipimo cha haki. Mahali kitovu cha mtu kilipozikwa si kipimo cha sanaa yake.